Sikio la Kulia la Limi

Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Mbingu ya Bariadi haikuwa na wingu hata moja, na upepo wa kiangazi ulikuwa umeamka kabla ya watu, ukipeperusha vumbi pamoja na nyuzi za pamba zilizodondoka kwenye malori. Inspekta Anatoli Ndaki aliyaandika hayo yote katika kitabu chake cha kazi, upepo nao akauandika, ndipo akaamuru mlango wa mahabusu ufunguliwe.

Mtu aliyeketi sakafuni alikuwa Mayige wa Nkoma, mzee wa miaka sitini na mitatu, mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Katambuga zake za tairi zilikuwa zimechukuliwa kuwa kielelezo. Miguu yake mitupu ilikuwa imekunjwa chini ya koti kuukuu la mvua.

"Mwangaluka, mzee Mayige," Inspekta alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wana Ndaki. Ndama anakunywa wapi?"

"Ndama gani?"

"Wa Limi. Ana miezi kumi tu. Hajaacha kunyonya."

Limi alikuwa faru jike wa Pori la Isanga, na kwa miaka mitatu Mayige ndiye aliyekuwa akiwatafutia wageni nyayo zake. Wageni hao walitoka mbali wakaja kutembea kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, bila gari na bila neno, ili wamwone faru akiwa faru na si picha. Jumamosi iliyopita Mayige mwenyewe alimkuta Limi amelala mfu, pembe zote mbili zimekatwa. Jua halijazama, mzee akawa na pingu mikononi.

Inspekta alivuta kigoda, akaketi. Koplo Winnie, binti wa Mwanza mjini aliyehamishiwa Bariadi mwezi wa sita, alisimama mlangoni na daftari.

"Kitabu cha kambi kinasema Limi alionekana hai tarehe sita," alisema Inspekta. "Tarehe saba kiongozi wako, Fabian, alikwenda Arusha. Siku hiyohiyo wewe ulirudi kutoka Shishiyu, ukabaki porini peke yako hadi tarehe kumi na tatu. Limi akakutwa mfu, na nyayo zilizomzunguka ni za katambuga zako. Una la kusema?"

"Nyayo ni zangu. Ningemkutaje bila kukanyaga? Wiki nzima nilikuwa namtafuta. Lakini Limi hakufa wiki hiyo. Limi alikufa kabla ya mvua."

"Mvua ipi, mzee? Hii ni Septemba."

"Ile moja, ya Agosti. Mimi nilikuwa matangani Shishiyu, tumemzika dada yangu. Hata huko ilitunyeshea. Nenda ukatazame ardhi. Ardhi imesema."

"Kwa nini hukuyasema haya Jumamosi?"

"Niliyasema. Aliyekuwa akinifunga pingu akanijibu nitamweleza hakimu."

 Inspekta alijua kwamba hakimu alikuwa karibu: saa tatu ya kesho yake asubuhi jalada lilitakiwa mahakamani, na shtaka lilikuwa uhujumu uchumi, ambalo dhamana yake ni ndoto. Mzee wa umri ule, akiingia gerezani kwa shtaka lile, angetoka amebebwa. Kati ya Mayige na mlango wa gereza palibaki siku moja tu.

"Limi unamtambuaje katika faru wengine?"

Mayige aliinuka polepole. Badala ya kujibu alimzunguka Inspekta hadi nyuma yake, akanyoosha mkono, akaligusa sikio lake la kulia mara mbili kwa ukucha. "Hapa. Mikato miwili. La kushoto zima."

Winnie alikuwa ameshapiga hatua mbili ndani. "Afande, nilijua anakukaba!"

"Na kwa nini umepita nyuma yangu?" aliuliza Inspekta bila kugeuka.

Kwa mara ya kwanza mzee alitabasamu, kwa huzuni. "Ng'wana Ndaki, shule imekuharibu. Wewe ng'ombe ulikuwa unamchunga ukiwa mbele yake?"

*

Saa nne na nusu gari la polisi lilisimama katika kambi ya Isanga. Mahema yalikuwa matupu. Msiba wa Limi ulikuwa umewarudisha wageni njiani. Fabian Machibya, kiongozi mkuu wa matembezi, aliwapokea akiwa na suruali ya kaki iliyopigwa pasi na buti zilizong'arishwa.

"Kaka Anatoli! Umekuja kwa kazi au kwa chai?"

"Kwa kazi. Chai nitakunywa kazi ikiisha."

Walikuwa wana wa kijiji kimoja, Nkololo, na maboma ya baba zao yalitenganishwa na shamba moja la mtama. Lakini hawakulelewa sawa. Inspekta alisoma bweni, na kila likizo alirudi machungani hadi alipopata ajira. Fabian alichukuliwa na mjomba wake Moshi akiwa na miaka sita, akakulia mabwenini na mijini. Alipokuja Krismasi vijana wa Nkololo walimtania kwamba amekimbizwa na mbuzi mwenye mimba. Faru aliwajua chuoni, katika kadi na vitabu, na aliwaeleza wageni kwa Kiingereza safi kuliko mtu yeyote mkoani Simiyu.

Inspekta aliomba kitabu cha kambi, akakisoma akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, kwa muda wa saa nzima. Winnie alikwisha kuhesabu mahema yote na kuku wote.

Kitabu kilikuwa na safu za tarehe, saa, mahali, jina la faru, alama za masikio na hali ya hewa. Mwandiko wote ulikuwa wa Fabian, kwa kuwa Mayige aliandika kwa shida. Mzee alitaja, kiongozi akaandika. Jina la Limi lilionekana mara arobaini na nne. Katika mara arobaini na moja za kwanza, safu ya alama ilisema neno moja: kulia, miwili. Mwaka jana Mayige alipougua mwezi mzima, Limi hakuandikwa hata siku moja.

Mara tatu za mwisho, tarehe 29 Agosti, tarehe 2 na tarehe 6 Septemba, safu ilisema: kushoto, miwili.

Inspekta alikifunga kitabu juu ya kidole chake.

"Siku hizi tatu ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Wageni hawakuwepo, Mayige yuko matangani, na askari Sylvester alikuwa zamu ya kaskazini."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Hatua sitini. Upepo ulikuwa wetu."

"Na ndama?"

"Alikuwa ananyonya."

"Alama ya Limi iko sikio gani?"

Fabian alitupa jicho ukutani, ambako kadi za faru wote sita zilikuwa zimebandikwa. "Kushoto. Mikato miwili. Ni kama namba ya gari, kaka, haibadiliki."

Inspekta naye alitazama kadi. Ilikuwa na sura ya faru anayemkabili msomaji uso kwa uso, na mikato miwili ilichorwa upande wa kushoto wa karatasi.

"Jambo la mwisho. Kiangazi hiki mvua ilinyesha hapa lini?"

"Mara moja tu. Agosti ishirini na saba, usiku. Ipo humo."

Ilikuwemo: milimita kumi na nne, kwa mwandiko uleule.

"Kitabu hiki nakichukua. Utaweka sahihi hapa."

"Chukua." Fabian alitia sahihi. "Mkinihitaji, mchana nitakuwa nyumbani Nkololo. Mama ananingoja. Na mzee Mayige, kaka, msimpige. Umaskini tu umemponza."

"Mahabusu wangu hawapigwi," alijibu Inspekta.

*

Kutoka kambini hadi kwenye mzoga ni mwendo wa saa moja na robo, na gari haliruhusiwi. Askari wa pori Sylvester, mtu mpole mwenye bunduki nzito, aliwapanga mstarini kama alivyowapanga wageni: yeye mbele, Inspekta katikati, Winnie nyuma.

"Hakuna kuongea. Hakuna simu. Nikiinua ngumi mnasimama. Nikisema mti, mnapanda."

"Hata huu wa miiba?" aliuliza Winnie.

"Faru akija, dada, hutauona mwiba."

Kila baada ya hatua mia Sylvester alitikisa kifuko cha jivu kilichoning'inia mkandani, akatazama vumbi lake jeupe linaelekea wapi, kisha akawapeleka dhidi ya upepo. Alikuwa amefundishwa na Mayige, naye hakulificha jambo hilo.

Walipopumzika kivulini, Winnie hakuvumilia tena. "Afande, kulia na kushoto, si mtu kachanganya tu? Mimi mwenyewe nikifundishwa gwaride nilikuwa nachanganya."

"Mchungaji hachanganyi," alisema Inspekta kwa sauti ya chini. "Mchungaji humwona mnyama kwa nyuma. Sikio la kulia la mnyama liko mkono wa kulia wa mchungaji. Mayige alimfuata Limi miaka mitatu kama ng'ombe wa baba yake, akasema kulia, Fabian akaandika kulia. Siku Mayige hayupo, Fabian hakuwa na wa kumtajia. Alinakili kutoka kwenye kadi, na kadi inakukabili. Kushoto kwa karatasi ni kulia kwa mnyama."

"Kwa hiyo alimwona kwa mbele?"

"Mara tatu? Na mara arobaini na moja zilizotangulia, hakuna hata moja aliyomwona kwa mbele? Hapana, Koplo. Faru mwenye mikato miwili sikio la kushoto hayumo katika pori hili. Fabian aliandika mnyama aliyeko ukutani. Lakini hayo ni maneno yangu, na wakili atayacheka. Twende tukaone ardhi."

Limi alikuwa amelala ukingoni mwa bwawa lililokauka. Fisi na tai walikuwa wamemaliza kazi yao. Palibaki ngozi iliyokakamaa, mbavu, na fuvu lililokatwa usoni kwa shoka. Daktari wa mifugo alikwisha kuapa kwamba hawezi kuapa: wiki moja au tatu, kwake vilikuwa sawa. Winnie aligeuza uso, kisha akajilazimisha kutazama na kuandika.

Inspekta alipiga magoti. Ardhi ile ilikuwa mbuga, udongo mweusi mzito ambao ukilowa hushika unyayo kama unga uliokandwa, na ukikauka hugeuka tofali. Juu kabisa, katika vumbi jepesi, zilikuwepo alama za katambuga za Mayige. Kwa pumzi tu zilififia. Chini yake, ndani ya tofali, palikuwa na nyayo nyingine: ndogo, za vidole vitatu, zilizodidimia kina cha kidole cha mtu. Zilimzunguka Limi. Zilizunguka tena. Zilikwenda hadi bwawani, zikarudi. Na mahali fulani ubavuni, palipokuwa na tumbo la mama, udongo ulikuwa umechukua umbo zima la mwili mdogo uliolala ukijibana.

Winnie alishusha daftari.

"Matope yalikuwepo usiku mmoja tu kiangazi hiki," alisema Inspekta. "Wakati matope yakiwa mabichi, ndama alikuwa akimzunguka mama asiyeamka. Andika, Koplo. Limi alikuwa ameshakufa tarehe ishirini na saba Agosti. Mayige alikuwa Shishiyu, na waombolezaji wote wa kijiji ni mashahidi. Na siku mbili baadaye Fabian ameandika kwamba anamwona akinyonyesha."

Walipima kila unyayo kwa utepe, wakapiga picha na kipimo kando yake. Sylvester alisaidia kuchimbua mabonge mawili ya udongo, yakafungwa gunia, yakatiwa lakiri na sahihi za watu watatu.

"Ndama yuko wapi?" aliuliza Inspekta.

Sylvester alijishughulisha na kamba ya gunia. "Tumemwona jana, bondeni kule. Mifupa. Fisi, afande." Alikaza fundo. "Mzee Mayige hajui. Naomba asiambiwe kwa simu."

Waliporudi penye mtandao, Inspekta alisimama pembeni, akampigia mdogo wake wa baba mmoja, Elia, aliyebaki katika boma la baba yao Nkololo.

"Elia, mtoe yule ng'ombe mweupe mwenye pembe za chini, pamoja na ndama wake. Mpeleke kwa mama Klementina Machibya. Nitakukuta huko saa kumi na moja."

Sauti ya Elia ilisikika hadi alipokuwa Winnie. "Kaka, mweupe? Si huyo ndiye anayewanywesha watoto wangu! Kuna nini, unaoa?"

"Nitakununulia mwingine mwisho wa mwezi. Mpeleke."

*

Bibi Klementina, mama yake Fabian, alikuwa uani, amekaa juu ya kigoda, akikata viazi vitamu vyembamba na kuvianika juu ya mwamba viwe michembe. Fabian aliketi kwenye kiti cha mgeni, kikombe mkononi. Gari lilipoingia, hakuinuka.

"Mwadila, mayu," alimwamkia Inspekta kama mwana kwa mama, akavua kofia.

"Mwadila, ng'wanawane. Kaa. Unakuja na bunduki nyumbani kwangu?"

"Nakuja na kazi, mayu. Unisamehe." Akamgeukia Fabian. "Nina swali moja. Tarehe ishirini na tisa Agosti ulimwona Limi na ndama anayenyonya?"

"Nimeshajibu."

"Jibu tena, mbele ya Koplo."

"Nilimwona."

"Tarehe hiyo Limi alikuwa na siku mbili au zaidi tangu afe. Nyayo za ndama ziko ndani ya matope ya mvua uliyoiandika wewe mwenyewe, zikiuzunguka mzoga. Nimeziweka kwenye gunia."

Fabian alikiweka kikombe chini. "Kaka, nimekosea tarehe. Kukosea tarehe, kukosea kulia na kushoto, siku hizi ni jinai?"

"Kosa la kulia na kushoto sijalitaja, Fabian. Umelitaja mwenyewe."

Kisu cha Bibi Klementina kilisimama katikati ya kiazi.

"Mayige alikufundisha njia zote za pori lile," aliendelea Inspekta. "Uliandika Limi yu hai mpaka siku aliporudi kazini, ili kifo kiangukie katika siku zake. Kisha ukaondoka. Kesho saa tatu angefikishwa mahakamani kwa mwandiko wako. Walikuomba nini, hao wenye shoka?"

Fabian alimtazama mama yake, akaacha kumtazama.

"Bwawa tu," alisema. "Walitaka kujua anakunywa bwawa gani. Waliniahidi kambi yangu mwenyewe. Miaka tisa nimetembeza wageni nikiwa na jina la mtu mwingine limeshonwa kifuani. Ndama walisema hawatamgusa."

"Hawakumgusa," alisema Inspekta. "Majina yao utampa Koplo kituoni. Simama."

"Anatoli." Bibi Klementina aliinuka, mikono imejaa utomvu mweupe wa viazi. "Subiri. Mwaka uliozaliwa wewe, mama yako alikufa kabla hajakushika. Baba yako alikuja hapa, pale ulipo, amekubeba ndani ya koti, hukuwa na sauti hata ya kulia. Mume wangu akafungua zizi, akamtoa ng'ombe tuliyekuwa naye mmoja wa maziwa. Miaka miwili alikaa kwenu. Wanangu wakubwa wakanywa uji mkavu. Nimewahi kukudai?"

"Hujawahi, mayu."

"Leo nadai. Usiku mmoja. Uje kesho, useme hukumkuta."

Hakuna mtu wa Nkololo ambaye hangeona uzito wa maneno yale, na Inspekta alizaliwa Nkololo. Upepo ulivipeperusha viazi vyepesi ukingoni mwa mwamba, na hakuna aliyeinama kuviokota. Kisha njiani ikasikika kengele, na Elia akatokea akiwa nyuma ya ng'ombe mweupe mwenye pembe za chini, ndama akikimbia pembeni na kuingiza kichwa tumboni mwa mama kila alipopata nafasi.

"Mayu," alisema Inspekta, "deni lako nimelijua tangu nianze kusikia. Nisingelikuwa hai bila zizi hili. Ulinipa maziwa, nami leo nimeleta maziwa: huyu hatarudi kwetu baada ya miaka miwili, ni wako na uzao wake. Ila usiku unaouomba si wangu. Usiku huo Mayige ameulala sakafuni mara mbili, naye hana kosa lolote. Siwezi kukulipa kwa mali yake."

"Kwa hiyo unakataa."

"Nakataa."

Winnie aliifunga pingu taratibu, mbele na si nyuma, kwa heshima ya mama. Fabian alipita karibu na ng'ombe, naye ng'ombe akajisogeza kumpisha. Mlangoni mwa gari aligeuka, kisha akainama, akaingia.

Bibi Klementina hakumtazama. Alimzunguka yule ng'ombe hadi nyuma, kama wafanyavyo watu waliolelewa na mifugo, akamshika kiunoni, akamwongoza zizini, ndama akafuata. Alirudisha magogo ya mlango moja baada ya jingine, akaifuta mikono kwenye kanga.

"Maziwa niliyatoa, maziwa yamerudi," alisema, sauti imekauka. "Mwanangu unaondoka naye, na hilo ni lingine. Wabeja kwa ng'ombe, ng'wana Ndaki. Kuanzia leo hatudaiani."